Njia ya juu ya korongo la Kihansi

Watu nikiwaambia nimeshafika Kihansi wanadhani naongelea umeme tu, na wala hawajakosea, maana jina hilo wamelizoea kwenye habari za mgao, mara Mtera maji yamepungua, mara Kidatu, mara Kihansi. Mimi nilienda mwaka 2014 nikiwa bado mwanafunzi Morogoro, tulienda fildi ya mimea na wanyama, na mpaka leo kilichonikaa kichwani ni ile njia ya msituni inayopita juu ya korongo, na vitu nilivyoviona pembeni ya njia ile kwa siku moja. Nimeshasimulia sana kwa mdomo, sasa acha niandike kabla sijaanza kuchanganya mambo.

Kwa asiyepajua, korongo liko kusini mwa milima ya Udzungwa, pale milima inapokatika ghafla na kudondokea bonde la Kilombero. Juu ni kwa Wahehe na baridi yao, chini ni mashamba ya mpunga na reli ya TAZARA inayopita Chita na Mlimba. Mto Kihansi unakusanya maji yake huko juu taratibu, halafu ukifika ukingoni unaporomoka zaidi ya mita 800 ndani ya kilomita chache tu. Ndo maana wakajenga mtambo pale. Kuna bwawa dogo juu, maji yanaingizwa kwenye handaki ndani ya mwamba, yanashuka mpaka kwenye mashine zilizo chini ya ardhi, megawati 180. Tangu mtambo uanze, mwishoni mwa 1999 kuingia 2000, sehemu kubwa ya maji yaliyokuwa yanapita kwenye maporomoko yanapita ndani ya mlima.

Sasa sisi tuliingia asubuhi, umande bado mzito. Tulikuwa na madam wetu wa mimea, wenzangu wa darasa, na mzee mmoja mwenyeji ambaye alikuwa amefanya kazi na watafiti pale miaka mingi, sitamtaja jina, sisi wote tulimwita Babu. Tulipomsalimia shikamoo akaitikia marahaba, halafu akatuambia huku kwetu mnaanza na kamwene, basi tukaanza upya wote kwa pamoja, kamwene, kamwene, akafurahi sana. Kabla ya kukanyaga njia akatusimamisha mstari mmoja, tukasugua mabuti kwa brashi na dawa, soli yote mpaka kwenye mifereji, udongo wote utoke. Mwenzetu mmoja alisugua juujuu, Babu akamrudisha bila ukali, mwanangu rudia, huko ndani kuna watu wangu. Alimaanisha vyura. Nitafika huko.

Mwanzo wa njia msitu ni mkavu kiasi, unapita kwenye miti mikubwa, mikuyu, mikangazi, mbula, na majani makavu yanalia chini ya miguu. Kushoto kwako kuna mlima unapanda, kulia kuna korongo. Hulioni muda wote, miti imelificha, ila unalisikia na unalihisi, kuna hewa ya baridi inapanda kutoka chini inakupiga upande mmoja wa uso, na kila ukifika mahali miti imeachia nafasi unaona ng'ambo, ukuta wa jiwe jeusi lenye mistari ya maji na miti imeng'ang'ania kwenye nyufa ambazo hata mbuzi asingesimama. Madam alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache. Wengine walikuwa wanachoka na kusimamasimama huko, mi nilikuwa nakaa naye mbele maana kila akigusa jani ana habari yake.

Tukakuta siafu wanakata njia. Babu alisikia kabla hajaona, alisema sikilizeni, na kweli kulikuwa na mchakacho mdogo kwenye majani, panzi na buibui wanaruka hovyo kukimbia. Juu ya vichaka kulikuwa na ndege wanafuata ule msafara, wanadonoa wale wadudu wanaokimbia, wala hawajali sisi tuko pale. Tulikaa tukawaangalia muda mrefu tu. Askari wenye vichwa vikubwa wamesimama pembeni wamefungua taya, wadogo wanapita katikati na mizigo yao. Tukaruka mmoja mmoja kwa kukimbia.

Wanyama wakubwa hatukuona wengi na sitaki kudanganya. Tuliona mbega weusi wenye mikia yenye ncha nyeupe, juu kabisa, wanaruka kutoka mti hadi mti na matawi yanabaki yanatikisika, na kima wakali waliotupigia kelele mpaka tukapita. Hondohondo tuliwasikia mabawa kwanza, lile vumo lao, ndo tukatazama juu. Kulukulu alipita mara moja tu, ukimwona ametulia ni kijani, akiruka mabawa yote mekundu, yaani kila mtu alisema aah kwa wakati mmoja. Na kwenye tope kando ya kijito kulikuwa na nyayo za funo, mbichi, maji yalikuwa bado yanajaa ndani yake.

Kinyonga ndo alinishangaza. Babu alisimama kwenye kichaka cha kawaida kabisa, akasema hapa kuna mtu, mtafuteni. Tukatafuta wote, wala. Akanyoosha kijiti akaonyesha kitu nilichokuwa nimeshakiangalia mara mbili nikadhani jani lililokauka, kumbe ni kinyonga kibete, kafupi, mkia mdogo, rangi ya kahawia na mistari ya pembeni inayofanana na mishipa ya jani. Nimekulia sehemu ambayo watu wazima wanamkimbia kinyonga, wengine wanampiga mawe, na pale namwona mzee wa makamo ya babu yangu amepiga magoti ili asimtikise kwenye kijiti chake. Nilimuuliza, Babu huogopi? Akasema nilikuwa naogopa mpaka nilipoanza kuwahesabu usiku kwa tochi, usiku wanakuwa weupe, wamelala kwenye ncha za matawi, ukishamwona mtu amelala humuogopi tena.

Halafu tukafika kwenye kahawa.

Hapa lazima nieleze, mi nimezaliwa Mbinga, nyumbani kwetu ni kahawa toka kwa babu mzaa baba. Nimechuma, nimekoboa, nimeanika kwenye vichanja, nimenyunyiza dawa ya chulebuni na dawa ya kutu, magonjwa ya kahawa hayo, ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mibuni. Kwa hiyo mbuni naujua hata gizani. Sasa njia ilikuwa imeanza kushuka, unyevu umeongezeka, miti imevaa kangaga na okidi mpaka kwenye matawi ya juu, mwanga umekuwa wa kijani, na pembeni kwenye kivuli kizito nikaona kimti chembamba kimesimama peke yake, majani mawilimawili yanatazamana, yanang'aa, na kwenye kila kifundo kuna vikonyo. Nikasimama. Nikasema madam, huu si mbuni? Akacheka akasema nilikuwa nasubiri nione kama utaupita.

Ni kahawa ya porini, Coffea kihansiensis, na haijulikani kuota sehemu nyingine yoyote duniani zaidi ya korongo lile. Nilichuchumaa nikaiangalia vizuri. Majani membamba kuliko ya arabika yetu, ncha ndefu imechongoka ili maji yateleze, ukingo una mawimbi kidogo. Nikageuza jani nitafute kutu, ile poda ya rangi ya chungwa inayokaa chini ya jani, maana mkono wangu umezoea kugeuza jani la kahawa kabla hata sijafikiri. Jani lilikuwa safi. Kulikuwa na tunda moja tu bado bichi. Sikulichuma, hakuna aliyechuma kitu siku ile. Mimea ya porini kama ile ndo huwa na kinga na tabia ambazo sisi wakulima tunazihitaji, kustahimili magonjwa, kustahimili ukame au kivuli, wataalamu wa mbegu wanazitafuta hizo ndugu za kahawa dunia nzima, na moja iko hapa kwetu imesimama peke yake kando ya njia, na unyevu wake unategemea mto ambao tumeshauhamisha. Nilimfikiria baba yangu. Angekuwepo angekaa pale siku nzima.

Babu yeye alikuwa ameenda mbele, ametusubiri kwenye mti mmoja mkubwa uliokuwa na alama ya zamani ya rangi kwenye shina. Akatuambia zamani, kabla ya mtambo, manyunyu ya maporomoko yalikuwa yanafika mpaka hapa. Ukisimama hapa unalowa. Na chini huko kwenye majani mafupi kulikuwa na upepo, upepo wa maji wenyewe, usiku na mchana, mwaka mzima, majani yote yamelala upande mmoja, na mkiongea inabidi mpigiane kelele sikioni. Siku tunapita sisi pale palikuwa pakavu, gome la mti kavu, na maporomoko unayasikia kwa mbali ukitulia. Alivyosema vile hakuna aliyejibu, madam naye alikaa kimya.

Toka pale ni kushuka. Njia inakuwa ngazi za udongo zilizozuiwa na magogo, halafu mawe yanateleza, unashika mizizi. Migomba ya porini ile mikubwa isiyozaa ndizi za kula imesimama kwenye miteremko, maua madogo ya pinki ya jamii ya impatiensi yametoka kwenye nyufa za mawe, begonia, na kila jiwe limevaa kuvumwani. Ukigusa linatoa maji. Kisha ghafla miti inaisha na unatokea kwenye uwazi wa kijani kibichi sana, majani mafupi mafupi yamejitandaza juu ya mawe, na hewani kuna matone.

Yale matone si ya maporomoko. Ni mabomba. Kuna mabomba yamepitishwa juu ya ule uwanja, yana vichwa vya kunyunyiza, maji yanatoka kwenye vijito vya juu yanashuka kwa uzito wake yenyewe mpaka kwenye zile nozeli na kutoka kama manyunyu. Walifunga baada ya mto kupungua, pale ambapo uwanja ulianza kukauka na magugu yakaanza kuingia, ili kuokoa kilichokuwa kinaishi pale. Na kilichokuwa kinaishi pale ni chura mdogo wa manjano ambaye sayansi ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati ujenzi wa mtambo umeshaanza. Eneo lake lote duniani, lote kabisa, lilikuwa karibu hekta mbili. Kuna mashamba ya watu Mbinga makubwa kuliko hapo.

Madam alitusimulia pale pale tukiwa tumesimama kwenye daraja la mbao, maji yanatunyunyizia. Mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499 wakapelekwa Marekani, Bronx Zoo kule New York, wengine baadaye wakaenda Toledo, ili hata wakifa huku wabaki huko. Huku mabomba yalisaidia, 2003 walihesabiwa wengi tena, maelfu, watu wakapumua. Halafu mwaka huohuo wakaporomoka, ndani ya miezi michache wakabaki wa kuhesabu kwa vidole, na ilikutwa kuvu ya kitridi, ile inayoshika ngozi ya vyura, na chura anapumua na kunywa kwa ngozi. Kuvu hiyo inasafiri hata kwenye tope la kiatu. Hapo ndo nikaelewa ile brashi ya asubuhi. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena. Na kule Marekani nako walikaribia kuisha, walibaki makumi machache kabla hawajajua jinsi ya kuwatunza, maji gani, taa gani, wadudu wa ukubwa gani. Wakaongezeka. 2010 mia moja wakarudishwa, wakawekwa kwenye maabara Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 wakaanza kuachiwa hapa tulipokuwa tumesimama.

Nikauliza, kwa hiyo wapo? Babu akasema njooni taratibu, mkanyage nilipokanyaga mimi tu.

Tukainama. Ule uwanja ukiuangalia kwa karibu si majani ya kawaida, ni selajinela, vimajani vidogo vimepangana kwenye vitawi laini vinavyotambaa, kila kitawi kina tone mwishoni. Nilikaa nimekodoa macho nisione kitu. Babu hakunyoosha kidole, aliniambia tu usitafute chura, tafuta macho. Nikayaona. Chura mzima hafiki urefu wa kidole gumba, ni nusu ya hapo tu, manjano ya dhahabu, na mstari mweusi ubavuni toka kwenye jicho kwenda nyuma. Ametulia juu ya kitawi, koo linapiga. Tone likamdondokea mgongoni, akafumba macho akafumbua. Niliweza kuona ndani ya ngozi ya tumbo lake kwa jinsi ilivyo nyepesi, na madam akaninong'oneza kwamba majike wakiwa na mimba unaona watoto kabisa mle ndani, maana chura huyu hatagi mayai kwenye maji wala hana viluwiluwi vya kuogelea, anazaa vichura kamili, vidogo kuliko punje ya mchele. Fikiria mahali ambapo maji yanapiga kwa nguvu vile, yai lingekaa wapi? Lingebebwa mara moja. Basi akabeba watoto tumboni.

Nilikaa hapo mpaka mgongo ukauma. Wenzangu walikuja kwa zamu, kila mtu alipata nafasi yake, na nakumbuka hakuna aliyepiga kelele, hata yule jamaa aliyekuwa analalamika njia nzima juu ya upupu uliomwasha shingoni alikaa kimya akiangalia. Mimi kilichonigusa ni hesabu. Kiumbe huyu aliishi pale miaka mingi isiyohesabika kwenye hekta mbili za manyunyu, hakumsumbua mtu, sisi tumemjua na kumpoteza ndani ya miaka 13, na kumrudisha kumehitaji ndege, maabara, vyuo, mabomba, na wazee kama Babu wanaopanda na kushuka kila siku kuangalia nozeli ipi imeziba. Na umeme sikatai. Kwetu Mbinga nimesomea kibatari, najua giza la kweli, najua zahanati isiyo na friji ya chanjo. Ule umeme tunauhitaji. Ila nikasema moyoni hii bili haijaandikwa kwenye luku ya mtu yeyote, na mtu anayewasha taa Dar hajawahi kuambiwa kwamba kuna sehemu ya bei yake inalipwa hapa. Inabidi aambiwe. Si kwa kumlaumu, aambiwe tu ajue, maana akijua ndo hata akisikia kuna fedha zinatakiwa kutunza mabomba na kulinda msitu wa juu unaoleta maji hataona ni anasa ya wazungu. Maji ya mtambo na maji ya chura ni yale yale, yanatoka kwenye msitu ule ule, ukikatwa huko juu kwa ajili ya mashamba vinakauka vyote viwili.

Tulipanda kurudi jua limeanza kushuka, miguu inatetemeka. Pelele wakaanza ile milio yao mbali ng'ambo ya korongo, yule mnyama mdogo sijui anapata wapi sauti ile. Kule juu Babu akaniomba nimpige picha akiwa ameegemea ule mti wenye alama, na nyingine ya kile kimbuni changu, nikampiga. Nilizisafisha Morogoro, nikampa kondakta wa basi la Ifakara bahasha, toka pale ikapokelewa na mtu wa Mlimba, ikafika.

Alinipigia simu masika iliyofuata. Nikadhani ni kuhusu picha, kumbe picha alishazipata zamani na ya kahawa ameibandika ukutani. Alikuwa anataka kuniambia mvua za juu zimezidi, bwawa limejaa mpaka linamwaga, maporomoko yamerudi kwa nguvu zote na manyunyu yamefika mpaka kwenye mti wa alama, amesimama pale asubuhi ile amelowa mpaka mashati ya ndani, nije haraka kabla hayajapungua. Nilikuwa na mitihani wiki ile, sikuweza kwenda. Lakini nilikaa naye kwenye simu mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi, akaendelea pale pale alipoishia, ananielekeza jiwe lipi limefunikwa na maji na majani yamelala upande gani.